Hatuhifadhi Magogo

Nyumba tuliyopanga Lemara ilikuja na vitu viwili ambavyo mwenye nyumba alivitaja kabla hatujauliza kodi: bomba la maji ndani ya ua, na intaneti. Nilimwambia hiyo intaneti aiondoe, na kodi nayo ishuke kidogo. Akacheka. Akasema intaneti ya nyumba ile ni kama bati, huwezi kumwambia fundi aezue upande wa mpangaji mmoja. Nikajaribu tena kwa upande wa bomba, nikashindwa vilevile. Basi nikalipa kodi kamili, na nikaapa kuitumia ile intaneti mpaka yenyewe iombe kupumzika.

Kazi yangu ni mahema. Nauza mitumba ya kupandia mlima pale soko la Kilombero, hapahapa Arusha: mahema, mabegi ya kulalia, viatu ambavyo mgeni kavivaa hadi kileleni akaviacha hotelini kwa sababu vinanuka. Wateja wangu ni wapagazi na waongoza watalii, watu ambao ukiwatajia bei wanakutazama kama umewatukania mama zao, kisha wanaanzia robo yake. Katika maisha hayo nimejifunza kwamba bei ni mazungumzo, na asiyetaka kuzungumza ana jambo.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Kilimanjaro, aliyekuja Arusha na biashara ya vipuri, vipuri vikaisha, nyumba ikabaki. Yeye na familia yake walikaa upande wa mbele, sisi wapangaji upande wa nyuma, na katikati lilikuwapo bomba, ambalo ndilo lilikuwa redio yetu. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameoa mwaka uliotangulia akaishi na mkewe hapohapo. Nyuma ya jiko mzee alikuwa akimnenepesha beberu kwa ajili ya siku ambayo mkwe wake angejifungua, maana kwao mzazi halishwi maharage. Kasoro ilikuwa moja: mkwe hakuwa mjamzito. Kila mwisho wa mwezi mzee alikuwa anamtazama beberu, anamtazama mkwe, kisha anashusha pumzi. Beberu alikuwa hawezi tena kugeuka kwenye banda lake bila kurudi kinyumenyume.

Jumamosi moja asubuhi tuko bombani, mzee akatoka na simu mkononi, uso unang'aa. Alikuwa amefungiwa kisanduku kipya cha intaneti.

"Hiki ni kiboko," akatutangazia. "Kinanionyesha kila simu iliyomo humu uani, inakwenda wapi."

"Inakwenda wapi kivipi, mzee?" nikamuuliza.

"Mtandaoni, Bwana Mahema. Nani yuko kwenye mpira, nani yuko kwenye muziki. Wewe jana ulikuwa kwenye viwanja vya Kikwe. Unataka kunihama?"

Wapangaji wakacheka. Mimi nikacheka pia, ila nilichelewa. Viwanja nilikuwa naviangalia kweli, lakini si kwa kununua. Huwa napenda kujua bei ya kitu ili nifurahi kwamba sikukinunua.

"Na tunachoandika nacho unakiona?" akauliza mmoja.

"Hapana. Kinaonyesha mlango tu mlioingilia. Mkishaingia, mliyoyafanya mnayajua wenyewe na Mungu wenu."

Mke wangu alikuwa anakinga maji. Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakamlowesha miguu, na hakufunga bomba. Mke wangu ni fundi cherehani. Hata uzi uliobaki kwenye sindano anaukunja akauweka. Nikajua pana jambo.

Tulipoingia ndani akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha cherehani, akaniambia. Yule mkwe wa mzee alikuwa anakuja kwetu kila wiki kupimwa gauni. Hilo nililijua, na nilikuwa nimeshaanza kushangaa ni gauni gani lisilokwisha kupimwa. Kumbe gauni halikuwapo. Binti alikuwa anasomea ualimu chuo cha hapa mjini, mtihani wa mwisho mwezi wa saba, na kabla ya harusi aliweka kijiti mkononi, cha kuzuia mimba, ili amalize masomo kwanza. Mumewe alijua na aliafiki. Lakini mumewe alimwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa aliye juu, na baba yake hakujua. Sasa kile kijiti kilikuwa kinamsumbua: hedhi haikatiki, kichwa kinauma. Nesi wa kliniki moja ya akina mama alikuwa anamfuatilia kwa simu ya kuonana sura, amuone macho na kucha kama damu imepungua, ili aamue kama kitolewe au kibaki. Simu ya binti haikuwa ya siri, mama mkwe aliichukua wakati wowote kama kijiko. Kwa hiyo alitumia ya mke wangu.

"Na ameshaingia tangu kisanduku kifungwe?" nikauliza.

"Bado. Jumatatu ndiyo ana miadi."

"Mzee akiona simu yako imeingia kliniki ya uzazi wa mpango, si atadhani ni wewe?"

"Mimi? Kwa umri huu?" Akanitazama juu ya miwani. "Hata beberu atajua ni nani."

Lile halikuwa la kupatana. Binti angeulizwa mbele ya ukoo, chuo kingekatishwa, kijiti kingetolewa, na yule mume wake angesimama kando akitazama viatu vyake.

"Nunua bando," mke wangu akasema. "Tuzime ya mzee."

Nilinunua, kwa kunung'unika, maana intaneti nilishailipia ndani ya kodi. Jumatatu ikafika, binti akaketi na nesi kwenye kioo, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na nesi aliposema, "Sasa mwanangu, nisikilize vizuri," bando likakatika. Nesi akampangia tena baada ya wiki mbili, Alhamisi alasiri.

"Una wiki mbili," mke wangu akaniambia. "Tafuta kitu kinachoziba macho ya hicho kisanduku. Na usikae ukipatana bei mpaka binti wa watu arudishwe kwao."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye biashara ya VPN. Vijana wa Kilombero wanaijua. Mtandao fulani ukigoma kufunguka, wao wanapita pembeni. Wazo lenyewe si gumu. Simu yako haiendi tena moja kwa moja kila mahali. Inakwenda kwa mtu mmoja wa mbali, na yeye ndiye anayekupeleka unakotaka. Mwenye nyumba ataona mlango mmoja tu, wa yule mtu. Nikasikia pia kwamba anayetumia kitu hicho anatakiwa ajiandikishe kwa mamlaka. Nikajiandikisha. Yaani ili mwenye nyumba asijue, ilibidi kwanza niitaarifu nchi.

Zilikuwapo za bure, za ghali, na moja ya rahisi sana ambayo bei yake ya mwezi ilikuwa sawa na sahani ya chipsi bila yai. Macho yangu yalikwenda kwenye hiyo ya chipsi, kama ilivyo desturi yake. Ukurasa wake ulikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine, au na mtu aliyefundishwa na mashine. "Faragha yako ni wasiwasi wetu." "Tuna watumishi wenye kasi katika nchi nyingi." Na chini yake, kwa herufi nene: "Hatuhifadhi magogo."

Nikaisoma mara mbili. Hapa kwetu, chini ya Meru, mtu akikuambia bila kuulizwa kwamba nyumbani kwake hakuna magogo, watu wa misitu waanzie kwake.

Pembeni palikuwa na saa nyekundu inayorudi nyuma: punguzo linaisha baada ya dakika chache, wahi. Nikaweka simu mezani, nikanywa chai. Dakika zikaisha. Saa ikatulia kidogo, halafu ikaanza upya, punguzo lilelile, haraka ileile. Hapo nikatabasamu. Nikajua nimekutana na mwenzangu.

Sokoni, ukitaka kujua bei ya kweli ya kitu, unaondoka. Unageuka, unatembea kama mtu mwenye shughuli nyingine, unasubiri kuitwa. Nikaandika barua pepe yangu mahali walipoitaka, nikafika hadi penye kulipa, nikaondoka. Asubuhi yake wakaniita: "Umesahau kitu!" Bei imeshuka. Nikaendelea kutembea. Siku iliyofuata: "Bado tunakukumbuka." Imeshuka tena. Siku ya tatu wakaongeza miezi ya bure juu ya mwaka. Wapagazi wangu hawajawahi kunifikisha huko.

Lakini badala ya kufurahi nikaanza kuingiwa na ubaridi. Muuzaji akikuita mara moja, anataka biashara. Akikufuata mpaka barabarani, ujue hema lina tundu. Nikaona kwenye kona ya ukurasa pana mahali pa kuuliza maswali. Nikabonyeza.

"Habari, mpenzi mteja! Naweza kukusaidiaje leo?"

"Mpenzi nani?" mke wangu akauliza nyuma ya bega langu.

"Subiri." Nikaandika: "Magogo gani hamhifadhi?"

"Hatuhifadhi magogo yoyote, mpenzi mteja. Sera yetu ni magogo sifuri."

"Mlikuwa nayo zamani?"

"Samahani, sijaelewa swali lako. Ungependa kuona ofa yetu maalumu?"

"Nani kaja kuhakikisha kwamba hamna?"

Vidoti vikacheza kwa muda. "Magogo yetu yamekaguliwa na kampuni huru."

"Kama hamna magogo, alikagua nini?"

"Ninaelewa wasiwasi wako, mpenzi mteja."

"Huyu ni mtu au ni mashine?" mke wangu akauliza.

"Ni muuzaji," nikamjibu. "Haijalishi."

Kesho yake yule binti alipokuja kwa kisingizio cha gauni, nikamwonyesha. Alisoma, akaweka kiganja mdomoni, akacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka ndani ya ua ule.

"Baba, hayo si magogo ya mti! Kwa Kiingereza neno ni hilohilo moja, 'log', gogo la mti na kumbukumbu ya safari. Wanasema hawaandiki mahali ulikopita. Mashine imechagua la msituni."

"Kumbe."

"Ndiyo, baba. Walitaka kusema hawana daftari."

Nikashukuru kwa elimu hiyo, lakini swali langu lilibaki palepale. Liwe gogo, liwe daftari, ghalani kaingia nani kuangalia? Mtu anayesema hana daftari la siri zako huwezi kumpekua. Na yule binti alikuwa ananitazama, ananisubiri nimwambie kama aingie au asiingie. Nikamwambia asubiri. Mke wangu akakanyaga cherehani kwa kishindo.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kikwe kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sababu ya ng'ombe. Nina ng'ombe mmoja kule, na kwa nini yuko kule si siri kwa watu wa upande huu. Ukifuga nyumbani, kila ndugu mwenye ada ya shule anajua ulichonacho. Ukimwekesha mtu wa mbali, zizi lako ni tupu, na asiye na zizi haombwi ng'ombe. Yule aliyewekeshwa anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ila mwenye mali akija hupewa chupa ya kwenda nayo. Ndama ni wako. Ndivyo babu zetu walivyofanya huku mlimani, Wachaga na Wameru kadhalika, hata kabla ya kuwapo mtoza kodi wa kumkimbia.

"Shemeji, karibu," akanipokea. "Ng'ombe wako hajambo kabisa."

"Na maziwa?"

"Aa, umekuja siku mbaya. Amekauka."

"Lini?"

"Juzi tu hapa."

"Na nilipokuja Pasaka?"

"Pasaka alikuwa anataka kukauka."

Mezani palikuwa na jagi la maziwa mgando, limejaa mpaka mdomoni.

"Haya ni ya nani?"

"Ya jirani, shemeji. Kunywa."

"Na jirani ukimuuliza atasema ni ya nani?"

"Jirani hana maneno mengi," akasema, akanimiminia. Yalikuwa mazuri. Nilikunywa maziwa ya ng'ombe wangu kama mgeni na nikashukuru.

Nikiwa na kile kikombe mkononi ndipo hesabu iliponikalia sawa. Kumbe nilichokuwa nanunua kwenye simu nilikuwa nacho Kikwe siku zote. VPN ni kuwekesha ng'ombe. Humfukuzi mchungaji, unambadilisha tu, kutoka anayekaa uani kwako na kumpeleka anayekaa mbali. Na anayefuga kwa mapatano anakunywa maziwa mahali unapomwona. Shemeji ananidanganya kuhusu maziwa kila nikija, bila aibu, mpaka imekuwa salamu yetu. Lakini hajawahi kumwambia mtu ng'ombe yule ni wa nani. Hata mtoza ushuru wa mnada alipomuuliza, alisema ni wa marehemu. Sasa niambie: anayekuja kukufugia bure kabisa, hataki maziwa, hataki mbolea, anakunywa nini?

Niliporudi Lemara nikamwita binti, tukazisoma zile za bure kwa Kiingereza, maana Kiswahili chao kilikuwa cha msituni. Akanisomea polepole. Moja ilisema inaweza kuwapa "washirika wetu" habari za matumizi yako ili kuboresha matangazo. Nyingine haikusema kitu, ikawa imesema zaidi. Maziwa yalikuwa yananyweka, ila na watu nisiowajua, kwenye nyumba nisiyoiona. Hizo nikazifuta. Za ghali nazo zilijisifu kwa maneno yaleyale ya ile ya chipsi, kwa Kiswahili safi zaidi, na nilishindwa kuona kwa nini nilipie sarufi.

Ilibaki ile ya rahisi. Magogo yake nisingeweza kuyapekua. Lakini palikuwa na ahadi moja ambayo ningeweza kuipekua: usiporidhika, unarudishiwa pesa yote. Hiyo ni ahadi ambayo hata mimi pale Kilombero siitoi, na nikiitoa huwa natazama pembeni. Basi nikalipa kwa ile kadi ya kwenye simu, na kesho yake, kabla sijaitumia hata kidogo, nikaomba pesa yangu.

"Tunasikitika kukupoteza, mpenzi mteja. Kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo. Nataka pesa."

"Tukikupa miezi mingine ya bure?"

"Nataka pesa."

"Ninaelewa."

"Una wazimu?" mke wangu akasema. "Miadi ni Alhamisi!"

"Mtu umjue anaporudisha. Anapopokea kila mtu ana adabu."

Pesa ilirudi Jumatano, kamili. Niliitazama, nikaitazama tena. Jioni ileile nikainunua upya, na kwa kuwa sasa nilikuwa mteja aliyeondoka na kukumbukwa, walinipunguzia mara nyingine. Sikujidanganya kwamba nimethibitisha habari za magogo. Nilichokijua ni kwamba ahadi yao niliyoweza kuiona wameitimiza, na ile nisiyoweza kuiona nimeichukua kwa mkopo. Na nilijua jambo lingine, ambalo nadhani lilikuwa na uzito kuliko yote: huyo mtu, awe mwizi au mtakatifu, hakai Lemara. Hamjui mzee. Hana beberu.

Alhamisi alasiri binti akaja na kitambaa begani. Mke wangu akawasha VPN, kisha akaanza kushona kitambaa kisicho na gauni ili mlio wa cherehani ufunike sauti. Mimi nikaketi mlangoni na hema lililochanika, nikiliziba. Uso wa nesi ulikuwa unaganda mara kwa mara, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa picha akipiga chafya, lakini safari hii alimaliza sentensi zake. Alimwambia binti kijiti kinaweza kubaki, akamtajia dawa ya kutuliza, akamtaka aonekane kila Alhamisi mpaka damu ikae sawa. Binti alipotoka alisimama mbele yangu, akapiga goti kidogo.

"Asante, baba."

"Usinishukuru bado," nikamwambia. "Mwaka niliolipia haujaisha."

Kwa kuwa bei ilikuwa ya simu kadhaa, na mimi siachi chakula kwenye sahani niliyolipia, niliiweka na kwenye simu yangu pia. Hapo ndipo nilipokosea. Nilifikiri habari za milango. Sikufikiri kwamba mtu anayekesha akiangalia milango yako, siku isipofunguka hata mmoja, ndipo anaposimama.

Haukupita mwezi. Tuko bombani, Jumamosi tena, watu wengi, na binti amechutama kwenye beseni anafua mashati ya mumewe. Mzee akatoka na simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bwana Mahema, kuna nini Uholanzi?"

"Uholanzi?"

"Simu yako na ya mama, zote mbili. Zamani zilikuwa zinazunguka vizuri tu, mpira, viwanja, taarabu ya mama. Sasa hivi ni mlango mmoja. Uholanzi asubuhi, Uholanzi jioni." Akasogea karibu. "Na Alhamisi alasiri ndiyo zinakwenda kwa wingi kabisa."

Beseni likaacha kutoa sauti.

"Alhamisi," mzee akaendelea, na sasa alikuwa anafikiri, niliona anavyofikiri, "si ndiyo siku mkwe wangu huwa anapimwa gauni kwenu?"

Sijawahi kutakiwa kutaja bei haraka namna ile.

"Nabeti, mzee."

"Unafanya nini?"

"Nabeti. Alhamisi usiku kuna mechi za Ulaya. Mkeka nauweka alasiri, kabla bei hazijabadilika."

"Kwa Uholanzi?"

"Kule bei zao ni nzuri kidogo."

Mpangaji mmoja akaguna kwa namna ya kuonyesha kwamba angependa kujua zaidi baadaye. Kama ningesema nina mwanamke huko, mzee angetaka ushahidi. Kama ningesema nahama, angetaka notisi. Lakini kwamba mtu anayehesabu kila kitu kumbe anakipoteza kwenye mpira, hilo aliliamini papo hapo, na liliuma kuona lilivyoingia kirahisi.

"Na mama analijua hili?"

"Ndiyo nalijua leo, mzee!" mke wangu akalia, akafunika uso kwa kanga. "Nikimuuliza anasema biashara mbaya, mahema hayatoki! Mzee, nisaidie!" Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba yule alikuwa anacheka.

Binti akaendelea kufua. Hakuinua uso.

Adhabu ilikuja kwa awamu. Kwanza mzee akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa kuwa mcheza kamari haaminiki mwezi hadi mwezi. Nilijaribu kupatana, akanijibu kwamba kupatana ndiko kulikonifikisha nilipo. Kisha pale kwenye jumuiya yetu, ambako kwa miaka nilikuwa nahesabu sadaka, kapu likapita mbele yangu likaenda kwa mtu mwingine, kijana ambaye huhesabu mara moja tu na kufunga. Wapagazi wakasikia. Wakaanza kuniomba ushauri wa mikeka, na nilipokataa wakasema nabana siri. Kwa hesabu yoyote unayotaka kuipiga, ile VPN ya bei ya chipsi ndiyo kitu cha ghali zaidi nilichowahi kununua, na sijapata mahali pa kubonyeza nirudishiwe.

Alhamisi ziliendelea, na mtihani wa binti ukawa unasogea. Mzee, kwa kuwa sasa alijua Uholanzi ni nini, hakuuliza tena. Alinipa tu mkono wa pole nikipita.

Halafu ikaja zamu ya jumuiya kukutana sebuleni kwake. Tuliimba, tukasoma neno, na mwishoni mzee akasimama akasema kuna ndugu yetu mmoja amefungwa na michezo ya kubahatisha, hamtaji jina. Wote wakanigeukia. Akasema tumwombee, na kwa kuwa mkwe wake ni mwalimu mtarajiwa mwenye maneno mazuri, yeye ndiye aongoze.

Binti akasimama. Tukainamisha vichwa.

"Bwana," akaanza, sauti ndogo, "tunamleta kwako baba yetu huyu. Sisi hatujui anakokwenda kila Alhamisi. Wewe unajua."

"Ndiyo, Bwana," mzee akaitikia.

"Unajua na alichokipoteza mbele za watu. Tunakuomba umrudishie, kwa namna yako."

"Mrudishie."

"Asichoke, Bwana. Asikate tamaa, asiishie njiani." Mke wangu akanifinya paja. "Umtie nguvu katika hili mpaka mwezi wa saba."

Mzee akafungua jicho moja. Mimi nilikuwa nimeshayafungua yote mawili.

"Amina," nikasema kwa sauti kubwa, kabla hajapata nafasi ya kuuliza.